Nani Kakwambia Uipake Tezo Rangi ya Fedha?

Jumamosi nimerudishiwa tezo yangu, kile chombo cha kuchongea mitumbwi, inang'aa kama sufuria ya harusi. Mpaka sasa naandika haya hasira hazijashuka.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mitumbwi pale Kibirizi, hapa Kigoma, tena mkongwe, kazi ya dakika tano: kichwa kilikuwa kinacheza, apige kabari. Basi. Nikaenda zangu mjini. Narudi jioni nakuta kijana wake ameipitisha kwenye grainda, ameipaka rangi ya fedha, na mpini mpya wa mninga umepigwa vanishi. Ananikabidhi kwa mikono miwili, meno yote nje.

"Mpini wa zamani uko wapi?"

"Ule uliokwisha, mzee? Mama lishe kaomba kuni."

Uliokwisha! Mpini ule ulikuwa na bonde pale kinapokaa kidole gumba, na bonde lenyewe lilikuwa upande usiotarajiwa. Ukiushika kwa mkono wa kulia unakukataa. Ukiuhamishia kushoto unatulia kiganjani kana kwamba umerudi kwao. Mwenye tezo ile simjui jina. Aliyeniuzia aliipata kwa mtu, na mtu yule kwa mtu mwingine. Lakini nilijua kwamba alitumia mkono wa kushoto, na kwamba kiganja chake kilikuwa kikubwa kuliko changu. Bonde lile hakulichonga mtu, ni jasho na ngozi vilivyokula mti, mtumbwi baada ya mtumbwi. Huenda hiyo ndiyo habari pekee ya yule bwana iliyokuwa imebaki duniani.

Shingoni mwa chuma palikuwa na muhuri uliofutika nusu. Nilikuwa nimeshasoma "CAST STEEL" na chini yake "ELD", ambayo kwa sisi wagonjwa wa vyuma ni Sheffield tu, mji wa vyuma wa Uingereza. Watu husoma maneno hayo wakadhani ni chuma cha kumimina kama cha majiko. Sivyo. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa kwenye vyungu, njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman miaka ya 1740 hukohuko Sheffield. Jina la kiwanda lilikuwa bado linanisumbua; nilikuwa nasubiri siku yenye jua la pembeni nilisome vizuri. Sasa nisome nini, rangi?

Na hata ukisema mambo ya muhuri ni ya wazee wasio na kazi, grainda imeua chombo chenyewe. Kwenye ncha ya makali kuna doa la buluu. Chuma kikifika buluu kimekaribia nyuzijoto 300, na makali yake yamelainika. Utayanoa yawe wembe, utachonga ubao mmoja, yamelala. Kama shida ni kutu, kilichotakiwa ni siki usiku mmoja, brashi, maji yenye magadi kidogo, kukausha vizuri, halafu mafuta. Wazee wa hapa wanapaka mawese, chombo kinanuka kama sufuria ya dagaa. Mimi natumia mafuta ya cherehani.

Haya, nakubali, kutu nayo si rafiki. Na kijana yule hakukusudia ubaya. Wateja wake wote wanataka king'aacho. Nusu ya kosa ni langu, niliyeondoka. Nusu. Wale wa chuma chakavu na mizani yao siwagusi leo. Wao angalau hawajidai kusaidia.

Halafu kuna wanaoniletea "vya kale". Kigoma kila nyundo kuukuu eti ilijenga Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Meli ile ilitoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikashushwa ziwani Februari 1915. Kwa nyundo nilizokwisha kuletewa mlangoni wangeunda tatu. Juzi mwingine kaja na randa ya Stanley, anaapa Stanley mwenyewe aliisahau Ujiji mwaka 1871 alipomkuta Livingstone. Ndugu yangu, yule alikuwa mwandishi wa habari, si seremala. Randa hizo ni za kampuni ya mji wa New Britain, Marekani, na hiyo yako imeandikwa "England", kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1930. Akaniambia najifanya najua. Nikainunua hata hivyo, maana kishikio chake kilikuwa kimechongwa upya na mtu aliyejua kazi.

Hiyo Jumamosi nilimfuata mama lishe, karibu kukimbia. Jikoni majivu tu. Nikamweleza habari ya mpini, ya bonde, ya mkono wa kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Pole, baba. Mbona uliwaka vizuri sana? Kaa ule."

Nikakaa. Maharage yalikuwa matamu, siwezi kudanganya.