Mizani ya sokoni huhakikiwa, mkono wa tabibu haupimwi

Dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Kampala usiku mmoja wa Februari, huku Göteborg, Sweden, theluji ikiwa imefika magotini, akaniambia kwamba jino lake la kupandikizwa linacheza. Alikuwa amelilipia kwa akiba ya miaka mitatu, na lilikuwa halijatimiza hata miezi mitano mdomoni. Kliniki ya binafsi iliyomhudumia ilikuwa imemwambia kwamba mfupa umekikataa kipandikizi, yaani kile chuma kilichopandwa ndani yake, kwa hiyo hapana budi kitolewe na kazi ianze upya, kwa malipo mapya. “Mdogo wangu,” alisema, “wewe unakaa kwa hao wanaovitengeneza vitu hivi. Hebu niulizie.”

Mimi si daktari wa meno. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mzaliwa wa Bombo, niliyesomea Uganda na kufanya kazi huko miaka sita kabla ya kuhamia Sweden. Hata hivyo dada hakukosea mlango, kwa sababu mji ninaoishi ndio hasa ulioipa dunia meno ya namna hiyo. Mwaka 1952, katika chuo kikuu cha Lund, mji mwingine wa Sweden, daktari mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa kifaa cha titani, aina ya chuma, na alipotaka kukitoa akakuta kimeshikana na mfupa. Mwaka 1965, hapa Göteborg, alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliendelea kulia chakula kwa vipandikizi hivyo hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Nikamuuliza daktari wangu wa meno, naye kabla ya kunijibu aliniuliza swali ambalo kule Kampala hakuna aliyemuuliza dada yangu: kinachocheza ni kipandikizi, au ni kile kilicho juu yake?

Jino la kupandikizwa lina maungio mawili, na uimara wa ungio moja hauhusiani na uimara wa lingine. La kwanza ni kati ya titani na mfupa. Hili huwa imara siku ya kwanza kwa sababu kipandikizi kimebana kama msumari katika mbao, kisha hulegea kidogo katika wiki ya pili hadi ya nne, mfupa wa zamani unapovunjwavunjwa, na baadaye hukazika upya kadiri mfupa mpya unavyojengeka. Uimara huo hupimwa bila kugusa mfupa: kijiti chenye sumaku hufungwa juu ya kipandikizi, kikatikiswa kwa mawimbi, na mtetemo wake ukageuzwa kuwa namba kati ya 1 na 100. Namba inayozidi 70 humpa daktari usingizi mzuri, na iliyo chini ya 60 humfanya asubiri. Ungio la pili ni la skrubu ndogo inayoifunga sehemu ya juu, yaani ile inayobeba taji la jino, kwenye kipandikizi. Skrubu hii haishiki kwa kuwa tu imeingia kwenye nyuzi zake. Hushika kwa sababu ilipokazwa ilivutika kidogo kama springi, na ule mvuto ndio unaozibana sehemu mbili. Watengenezaji wengi huagiza ikazwe kwa nyutoni-sentimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 hadi 35. Ikikazwa pungufu, kila tonge la muhogo linalotafunwa huifungua nukta moja. Ikikazwa kupita kiasi, hukatika. Na hata ikikazwa sawasawa, vijinundu visivyoonekana kwa macho vilivyo kwenye nyuso za chuma hulainika muda mfupi baadaye, sehemu ya mvuto ikapotea, na ndiyo maana mafundi waangalifu husubiri dakika kama 10, kisha wakaikaza tena kwa kipimo kilekile.

Hapo ndipo habari ya dada yangu iliponigusa kama mtu wa kazi yangu. Watafiti wamewapa madaktari wa meno bisibisi ya mkono na kuwaomba wakaze kwa hisia tu, na matokeo yametofautiana mno kati ya daktari na daktari, wengi wao wakiishia chini ya kiwango kilichoagizwa huku wakiamini wamekaza vya kutosha. Hata ile spana yenye kipimo, baada ya kutumika mara nyingi na kutiwa katika mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, huanza kudanganya, kwa hiyo nayo hutakiwa kuhakikiwa kila baada ya muda.

Utafiti juu ya mafunzo ya wataalamu wa viungo unasema jambo lilelile kwa maneno mengine. Sisi hubonyeza pingili za uti wa mgongo kwa viganja na vidole gumba, kwa madaraja tunayoyafundishwa chuoni kutoka la kwanza hadi la nne, na kila mwalimu huamini kwamba daraja la tatu la mkono wake ndilo daraja la tatu la dunia nzima. Zilipowekwa ala za kupimia chini ya mgonjwa, ilionekana kwamba wataalamu wawili waliotoka chuo kimoja huweza kutofautiana mara kadhaa katika nguvu wanayoiita kwa jina moja. Kinachotia moyo ni kwamba mkono unafundishika. Mwanafunzi akionyeshwa papo hapo namba ya nguvu aliyoitumia, husogea karibu na lengo baada ya mazoezi machache tu. Akiachwa bila kuonyeshwa tena, husahau, na kurudi kwenye hisia zake za zamani.

Wenzetu wengi tulio ughaibuni, tukikutana kwenye harusi na vikao vya maombolezo, husema kwamba nyumbani tumekwama kwa kukosa mashine. Nimeacha kukubaliana nao. Katika miaka minane ya kuishi Sweden sijaonea wivu mashine hata moja kama ninavyoonea wivu desturi moja ndogo isiyo na bei: hapa kuna mtu ambaye kazi yake ni kurudi na kuuliza kama mkono wangu bado unafanya kile ulichofundishwa. Nilipofika, cheti changu kilichunguzwa, nikafanya mtihani wa maarifa, nikasoma lugha na sheria za afya, nikafanya kazi chini ya uangalizi, ndipo nikapewa leseni. Nilinung'unika sana wakati huo, na baadhi ya manung'uniko yale bado nayaona ya haki, lakini yule msimamizi aliyeniwekea mkono juu ya mkono na kusema “hapa unabonyeza zaidi ya unavyodhani” alinipa kitu ambacho sikupewa kwa miaka sita ya kazi.

Nisieleweke kwamba ninawasifu kupita kiasi. Shahada ya tiba ya viungo hapa ni ya miaka mitatu, na wanafunzi ninaowapokea huja wakiwa wamesoma tafiti nyingi kuliko nilizosoma mimi kabla ya kuhitimu, ila baadhi yao hawajawahi kumshika mgonjwa mwenye maumivu makali. Sisi, kufikia mwaka wa pili, tulikwisha kunyoosha magoti ya vijana wa bodaboda na viwiko vya watoto waliokakamaa kwa kuungua na uji wa moto. Tulijua sauti ya mgonjwa inabadilika lini. Mkono wa Mganda aliyesomea wodini una maarifa ambayo darasa la Göteborg halina, na ningependa hilo lisemwe wazi zaidi kuliko linavyosemwa. Kasoro ni kwamba maarifa hayo hayapimwi wala hayaandikwi, hivyo mwenye mkono mzuri anapostaafu huondoka nao.

Mtu ataniambia kwamba kupima ni anasa ya nchi tajiri. Ninajibu kwa soko la Nakawa. Mizani ya muuza nyanya huhakikiwa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, na kubandikwa alama, kwa sababu tumekubaliana kama taifa kwamba mkono wa muuzaji, hata awe mwadilifu namna gani, hautoshi kuwa kipimo. Tunakubali hilo kwa nyanya, lakini kwa uti wa mgongo wa mtu tunalikataa.

Tena tumewahi kulifanya kwa jambo gumu kuliko hili. Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda ndani walianza kutibiwa Uganda kwa njia ya Ponseti, yaani kwa kunyoosha taratibu na kubadilisha plasta kila wiki badala ya upasuaji mkubwa, na nchi yetu iliwafundisha maafisa wa mifupa wa hospitali za wilaya kuifanya kazi hiyo badala ya kuwasubiri mabingwa wachache wa Kampala. Kila anayeijua njia hiyo atakuambia kwamba plasta ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye viatu vilivyounganishwa kwa ubao, ambavyo mtoto huvaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi afikie umri wa miaka minne hivi; mzazi asipofuatiliwa, mguu hurudi ulikotoka. Ni skrubu ileile inayotaka kurudiwa baada ya dakika 10, isipokuwa hapa dakika zimekuwa miaka.

Dada yangu alikwenda kwa daktari mwingine, aliyelitoa taji, akakigonga kipandikizi, akapiga picha, akakikuta kimeshikamana na mfupa vizuri kabisa. Skrubu ndiyo iliyolegea. Ilibadilishwa, ikakazwa kwa spana yenye kipimo, na dada akaambiwa asubiri kidogo kwenye benchi ili irudiwe. Malipo yalikuwa sehemu ndogo sana ya yale aliyokuwa akidaiwa kule kwa kwanza.

Nilipokwenda likizo mwezi wa Agosti nilinunua mizani ya kawaida ya kusimamia, ile ya bafuni, nikaipeleka kwenye idara ya wenzangu wawili wa zamani. Nilimwomba kila mmoja afumbe macho na kuibonyeza kwa kilo 10. Wa kwanza alifika 17, wa pili 6, na mimi mwenyewe, baada ya maneno yote haya, nilifika 13. Tulicheka, kisha tukafanya mazoezi hadi saa ya chai, na kufikia jioni sote watatu tulikuwa hatutofautiani kwa zaidi ya kilo moja. Niliwaachia mizani wawe wanajipima kila Jumatatu. Mwezi uliopita mmoja wao aliniambia kwamba imechukuliwa na wodi ya watoto, ambako ya kwao iliharibika. Nimetuma fedha za nyingine, na nimeomba iandikwe jina la idara kwa rangi nyekundu.