Hajati Alinisoma Mubashara

Kwa vile jamaa yangu ameshawasambazia ya kwake, eti nililia, chukueni na ya kwangu. Sikulia. Nilipaliwa na chai.

Mnaijua mizigo ya Bombo, hivi vyumba vya kupanga vya huku kwetu Uganda: mimi nimepanga uani, jamaa yuko nyumba kubwa kwa mama yake, Hajati, ambaye ndiye mwenye nyumba. Waifai ni moja. Kila mmoja ana Steam Deck yake, kile kikompyuta cha gemu cha mkononi, ila gemu ya mpira ninayo mimi, basi inachezwa kwangu, namrushia kwa waifai. Kumwalika kama rafiki kulikuwa kunakwamakwama, unapiga shuti leo, goli linaingia kesho. Tukahamia masafa ya waifai ya 5 GHz, ukuta wa Hajati ukayameza. Nikamwambia aingie kwa akaunti yangu ya Steam kabisa. Ikanyooka!

Wataalamu, msinianze. Ukimwalika rafiki anaona gemu tu. Akiingia kwa akaunti yako anaona skrini nzima. Na jamaa alikuwa amechomeka yake kwenye televisheni ya sebuleni.

Mapumziko. Nikaishusha gemu, nikafungua WhatsApp kwenye kivinjari, maana kodi ilikuwa imechelewa na Hajati alidhani niko safarini Mbale. Nikaandika, "Shikamoo Hajati." Kishale kikaanza kutikisika chenyewe, kinakimbilia alama ya kufunga. Nikasema mtandao ndio huo, nikakirudisha. "Bado niko Mbale." Kikakimbia tena, nikakivuta tena. Kumbe ni kidole gumba cha jamaa, jasho linamtoka, kinapigania uhai wangu! "Mvua ni kubwa, barabara imeharibika." Nikaitazama. Nikafuta barabara, nikaweka, "daraja limekatika," maana daraja lina uzito.

Huko sebuleni Hajati kavaa miwani, anawasomea wageni neno kwa neno. Jamaa anasema nilipofuta, mama aliuliza, "Sasa barabara imemkosea nini?"

Nikatuma. Simu yake nikaisikia ikilia ng'ambo ya ukuta. Hata hapo, ndugu zangu, sikushtuka, nikamimina chai.

Kandambili zikaja uani, pole pole. Zikasimama mlangoni kwangu. Kimya. Kisha sauti tulivu kabisa:

"Marahaba, mwanangu."

Chai ikapita njia ya hewa.

Kodi nimelipa usiku uleule kwa simu, pesa za kukopa. Jamaa nimemtoa kwenye akaunti. Wale wageni tukikutana dukani wananiuliza kama daraja limeshatengenezwa.