Studio Ghibli: nani wa kupokea mikoba?

Karibu na mwisho wa The Boy and the Heron, filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli ya Japani iliyotoka Julai 2023, kuna mzee mwenye nywele ndefu nyeupe anayepanga vipande vya mawe kimoja juu ya kingine. Mawe yale yakianguka, ulimwengu alioujenga unakwenda nayo. Mzee amechoka. Anatafuta mtu wa damu yake amwachie kazi hiyo, na anamwomba kijana Mahito. Mahito anakataa, anasema anarudi kwao, kwenye dunia ya vita na moto, akaishi na wenzake. Haupiti muda, mawe yanaporomoka.

Mzalishaji wa studio hiyo, Toshio Suzuki, amewahi kueleza kwamba mzee yule ni Isao Takahata, mwongozaji aliyeianzisha Ghibli pamoja nao, na Mahito ni Miyazaki mwenyewe. Namwamini, lakini mimi kila nikiitazama namwona Goro.

Goro ni mtoto wa Miyazaki, naye ni mwongozaji. Septemba 21, 2023, miezi miwili tu baada ya filamu hiyo kuanza kuonyeshwa Japani, ilitangazwa kwamba kituo cha televisheni cha Nippon TV kinachukua hisa zenye asilimia 42.3 ya kura za Studio Ghibli, na studio inakuwa kampuni tanzu yake. Taarifa haikuficha sababu. Miyazaki alikuwa na miaka 82, Suzuki 75. Goro alitajwa kuwa mrithi, akakataa, kwa maelezo kwamba kuibeba Ghibli peke yake ni mzigo usiobebeka na ni heri wakabidhiwe wengine. Rais mpya akatoka Nippon TV.

Wapo walioupokea uamuzi huo kwa moyo mweupe, na wana hoja. Nippon TV si mgeni aliyebisha hodi usiku. Imekuwa ikirusha filamu za Miyazaki tangu miaka ya themanini na kuchangia gharama za kuzitengeneza tangu Kiki's Delivery Service ya 1989. Studio iliyoanzishwa 1985 na watu watatu, mmoja wao akiwa ameshafariki (Takahata alituacha Aprili 2018), ilihitaji mtu wa kushika hesabu, haki za filamu, jumba la makumbusho la Mitaka na bustani iliyofunguliwa Aichi mwaka 2022. Studio nyingi za Japani zimekufa kwa madeni, na kazi zao zikatawanyika kwa wanunuzi wasiojua walichonunua. Kwa hilo, wapenzi wa Ghibli wanaweza kulala usingizi.

Lakini kulinda filamu zilizokwishatengenezwa ni jambo moja, na kutengeneza nyingine ni jambo jingine kabisa. Hapa ndipo upande wa pili unaposimama na kusema: acheni iishe kwa heshima. Ghibli ilikuwa mikono ya wazee wawili, wanasema, na mikono hairithishwi kwa mkataba wa hisa.

Ukiipitia historia utaona kwa nini wanakata tamaa. Yoshifumi Kondo, aliyeongoza Whisper of the Heart mwaka 1995, ndiye wengi waliyemtazamia kuwa mrithi. Alifariki Januari 1998 akiwa na miaka 47. Mamoru Hosoda aliitwa aongoze Howl's Moving Castle, akaondoka kabla filamu haijakamilika, Miyazaki akaichukua mwenyewe. Hosoda baadaye alishiriki kuanzisha studio yake na kujijengea jina kubwa. Hiromasa Yonebayashi aliongoza filamu mbili, Arrietty na When Marnie Was There, kisha naye akaondoka kwenda Studio Ponoc, iliyoanzishwa 2015 na mzalishaji aliyetoka Ghibli hiyo hiyo. Goro mwenyewe alibezwa kwa Tales from Earthsea ya 2006, akasifiwa kwa From Up on Poppy Hill ya 2011, lakini hakuna siku aliyopimwa kwa kipimo kingine zaidi ya baba yake.

Kwa hiyo vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni nafasi ya kijana kukosea na bado akabaki. Hapo natofautiana na wanaosema iishe.

Pande zote mbili zinazungumza sana juu ya Miyazaki na kidogo mno juu ya karakana. Katika uhuishaji wa Kijapani, mchoraji kwa kawaida amelipwa kwa idadi ya michoro, na kipato chake kimekuwa cha kuhurumiwa. Ghibli, baada ya mafanikio ya Kiki, iliamua kuajiri wachoraji kwa mshahara wa kudumu na kuwafundisha. Ule uamuzi, kwangu, ni mkubwa kuliko tuzo ya Oscar. Matunda yake tunayaona kwenye The Wind Rises, filamu ya Miyazaki ya 2013, pale umati unapokimbia kwa tetemeko la ardhi la Kanto la 1923: kipande cha sekunde nne hivi, kila mtu anatembea kwa mwendo wake, huyu amebeba furushi, yule anageuka nyuma. Mchoraji mmoja alikaa nacho mwaka na miezi mitatu. Hakuna anayelipwa kwa karatasi atakayefanya hivyo, labda awe tayari kulala njaa.

Ubora huo una bei. The Tale of the Princess Kaguya ya 2013 iligharimu yeni bilioni 5 hivi, na kwenye sinema za Japani haikurudisha kiasi hicho. Agosti 2014 Suzuki alitangaza kwamba idara ya uzalishaji inasimama. Wachoraji wakatawanyika. Miyazaki aliporudi kutengeneza The Boy and the Heron, kazi iliyochukua karibu miaka saba, msimamizi wa wachoraji, Takeshi Honda, ilibidi atafutwe nje, na studio nyingine, ikiwemo Ponoc, zikatoa msaada. Filamu ilishinda Oscar Machi 2024. Sisi tukasherehekea Ghibli, ilhali sehemu kubwa ya mikono iliyoichora ilikuwa na makazi kwingine.

Ndiyo maana swali la kama Miyazaki atatoa filamu nyingine halinishughulishi sana. Huenda akatoa, amestaafu na kurudi mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayemshikilia neno lake. Hata hivyo, filamu moja zaidi haitabadilisha chochote kama hakuna vijana watakaobaki ofisini baada yake.

Jina lenyewe, Ghibli, lilitoka kwenye ndege ya kivita ya Waitalia iliyopewa jina la upepo wa moto wa Libya, na neno hilo kwa Kiarabu lina mzizi mmoja na kibla yetu. Waasisi walilichagua wakitaka kuvumisha upepo mpya katika uhuishaji wa Japani. Nikiwasikiliza wanaotaka Nippon TV ilete waongozaji wa "kuchora kama Ghibli", naona wameusahau upepo huo. Milima ya kijani, mawingu manono na chakula kinachofuka moshi kila mtu sasa anaweza kuviiga. Machi 2025 intaneti ilijaa picha za namna hiyo zilizotolewa na mashine ndani ya dakika.

Mei 2017, Ghibli ilipokuwa ikijiandaa kwa The Boy and the Heron, ilitangaza nafasi za wachoraji wapya. Mshahara ulianzia yeni 200,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka mitatu tu. Mimi nasubiri tangazo jingine kutoka Koganei, yaliko makao ya studio, lenye nafasi za vijana, na safari hii bila tarehe ya mkataba kumalizika.