Diski za Bongo Movie Zisitupwe Bado

Nyumba nyingi za mijini bado zina boksi la VCD na DVD, juu ya kabati au stoo. Deki ilishakufa, televisheni mpya inataka flashi au intaneti, na kompyuta mpakato za siku hizi haziji na sehemu ya kuingizia diski. Je, boksi litupwe au litunzwe? Mabishano mengi kuhusu diski na filamu za kupakua yanatoka Marekani na Ulaya, na wanaobishana huko wana makabati tofauti na yetu. Kwa maoni yangu, jibu linategemea kilichomo ndani ya boksi.

Hoja ya wanaosema zama za diski zimekwisha ina uzito, tena mkubwa. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilituma diski zake za mwisho Septemba 2023. Best Buy, mtandao mkubwa wa maduka ya elektroniki Marekani, uliacha kuuza filamu za diski mwaka 2024. Sony nayo iliacha kutengeneza diski tupu za kurekodia za Blu-ray, aina yenye picha kali kuliko DVD, Februari 2025. Kifaa kisichotengenezwa tena hakina vipuri kesho, na deki ikishachoka lenzi, fundi wa mtaani anakushauri ununue nyingine ambayo dukani haipo.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja kuna adui wa ziada: joto na unyevu. Hapa watu wengi hukosea sehemu ya kuilinda diski. Tunauogopa mkwaruzo wa upande unaong'aa, lakini kwenye VCD upande dhaifu zaidi ni ule wenye picha na maandishi. VCD imeundwa kama CD: tabaka la alumini linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya rangi ya juu, likifunikwa na varnishi nyembamba. Kwaruza hapo kwa ukucha au bandika stika kisha uibandue, na sehemu ya filamu imeondoka kabisa. DVD ni imara zaidi, kwa sababu tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili. Zile za kuchoma kwenye kompyuta zina udhaifu wa aina nyingine: zinategemea rangi ya kemikali ambayo jua na joto huifubaza. Diski iliyochomwa na kuachwa dirishani isitarajiwe kudumu.

Wapenzi wa diski husema pia kwamba picha yake inashinda ya mtandaoni. Kwa Blu-ray ni kweli kabisa. Kwa VCD si kweli hata kidogo, maana ina nukta 352 kwa 288 tu, na uwezo wake unaishia kwenye dakika 74 hadi 80. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya filamu zetu zije na Part One na Part Two, na ukikosa ya pili unabaki hujui bibi harusi aliolewa na nani.

Upande wa pili, wanaotetea mtandao huzungumza kana kwamba bando ni bure. Netflix yenyewe hueleza kwamba picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Familia inayorudia filamu moja kila Jumapili, kama watoto wanavyopenda, inailipia upya kila inapoitazama, wakati diski ilishalipiwa siku ya kwanza. Kupakua hakuondoi tatizo lote, kwani filamu nyingi zinazopakuliwa ndani ya programu hizo zina muda wa kuisha, nyingine saa 48 tu baada ya kubonyeza kitufe cha kuanza.

Suala zito zaidi ni umiliki. Anayebonyeza “nunua” kwenye duka la mtandaoni mara nyingi anapata leseni ya kutazama, na leseni hiyo inategemea mikataba ya watu wengine. Huduma ya UltraViolet, iliyoanzishwa na studio kubwa za Hollywood ili watu wahifadhi filamu walizonunua, ilifungwa Julai 2019. Funimation, huduma ya Marekani ya katuni za Kijapani, ilipofungwa Aprili 2024, wateja waliokuwa wameingiza humo nakala za kidijitali zilizokuja pamoja na diski walizipoteza nakala hizo. Diski zenyewe zilibaki makabatini mwao. California ilitunga sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayowalazimisha wauzaji kumwambia mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Wakenya nao wanakumbuka kifurushi cha bure cha Netflix kwenye simu: kilikuja 2021, kikaondolewa 2023. Hakikuuzwa kwa mtu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, ila kinaonyesha ufunguo uko mkononi mwa nani.

Hata hivyo, kwa filamu kubwa za Hollywood na Bollywood sioni haja ya kuhangaika na diski. Zikiondolewa hapa zitaonekana kule. Kuna studio, nyaraka na wanasheria wa kuzilinda. Mtu mwenye boksi la filamu za Rambo anaweza kulitoa kwa moyo mweupe.

Filamu zetu hazina kinga hiyo. Tangu miaka ya 2000, Bongo Movie ilijengwa juu ya VCD na DVD. Zilitoka haraka, zikauzwa Kariakoo, zikafika Lubumbashi, Bujumbura na Nairobi, na nyingi hazikuwahi kuonyeshwa kwenye jumba la sinema. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, watu walikuwa na kazi zake sebuleni, kwenye diski. Baadhi ya filamu za kipindi hicho sasa ziko YouTube, nyingine huonekana kwenye chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila YouTube huweka na kuondoa kwa madai ya hakimiliki, na zile ambazo msambazaji wake alishafunga duka hazina wa kuzipandisha. Kwa hizo, diski iliyo stoo kwako huenda ni miongoni mwa nakala chache zilizosalia.

Kuna kundi ambalo duka la mtandaoni haliwezi kuligusa: filamu zilizotafsiriwa kwa sauti. Lufufu wa Tanzania, aliyeingiza Kiswahili chake juu ya filamu za Kihindi, za kichina na za Hollywood, au DJ Afro wa Kenya, walitengeneza kitu ambacho kisheria hakina mwenyewe anayeweza kukiuza. Mwenye hakimiliki hakuwaruhusu, kwa hiyo hakuna jukwaa rasmi litakalozibeba. Naelewa hoja ya mwanasheria. Naelewa pia kwamba kizazi kizima kilijifunza kuipenda sinema kupitia sauti hizo, na zikiharibika hazirudi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchanganya. Tafuta deki inayosoma, au kisomeo cha nje cha USB, ukanakili kwanza VCD za Kiswahili, hasa za kuchoma. Weka nakala kwenye diski ngumu mbili katika nyumba mbili, kwa ndugu au rafiki, na usiiamini flashi moja. Faili lisilo na kufuli, lililo mikononi mwako, linashinda diski na linashinda leseni. Lakini libaki kwako. Kujiwekea nakala ya ulichonunua ni jambo moja, na kuwapakia wateja kibandani ni jingine. Wasanii wetu waliumizwa na wizi huo kiasi kwamba mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki.

Mzigo huu, hata hivyo, usiachiwe familia peke yake. Bodi ya Filamu Tanzania hukagua filamu kabla hazijauzwa. Ingefaa itangaze ni nakala zipi za miaka ya VCD inazo na ziko katika hali gani, kisha iwaombe wananchi zile zinazokosekana wakati bado kuna deki zinazosoma.