Mwenye Mali Ni Mimi

Duka la Mjomba ni la vifaa vya umeme, Kariakoo. Profoma na waranti anachapa kwa programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, aliyoipenda kwa sababu moja tu: haidai kulipiwa kila mwezi. Kero yake ilikuwa senti. Birika la elfu thelathini na tano lilikuwa linaandikwa 35,000.00, na mteja akisoma kwa haraka anaona milioni tatu na nusu, anaweka birika chini taratibu, anaondoka.

Nikaingia kwenye msimbo, nikagusa mistari mitatu, senti zikatoweka. Nikawatumia wenye mradi, wakapokea. Jamani, siku ile nilijinunulia soda mbili.

Mjomba akataka kuliona jina langu. Nikamfungulia faili. Juu kabisa ule mstari wa hakimiliki, mwaka 2014, na majina mawili ya watu tusiowajua.

"Hawa nani?"

"Walioanzisha, Mjomba."

"Na wewe uliyeondoa senti uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, LUKU imebaki yuniti nne, nikaandika amri moja ya sed, kifaa cha kubadilisha maandishi kwa mkupuo: pita faili zote, kila mstari wenye neno la hakimiliki kwa Kiingereza, herufi kubwa au ndogo, ufute, weka jina langu na "haki zote zimehifadhiwa". Sekunde mbili tu, faili 318. Nikawatumia wenye mradi kwa kichwa cha habari "Marekebisho madogo", nikamwekea Mjomba nakala hiyo hiyo dukani, nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi nikakuta jibu: "Asante. Naona umeandika pia fonti zetu, maktaba ya kubana picha, na leseni ya MIT yenyewe. Huwa unalala saa ngapi?"

Nikaifungua leseni, ile faili yenye masharti ya kutumia programu. Ile ya MIT ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa, na sharti lake ni moja: maelezo ya hakimiliki na ya ruhusa yabaki kwenye kila nakala. Sasa sentensi hiyo nayo ina neno hakimiliki ndani yake. Sed ilikuwa imeila. Sharti pekee linalokataza kufuta majina ya watu nilikuwa nimelifuta, nikaweka jina langu. Chini kidogo kuna mstari unaosema waandishi na wenye hakimiliki hawatadaiwa chochote programu ikileta hasara. Nao umeliwa. Mahali pake nimesimama mimi, peke yangu, na haki zangu zote.

Msimamizi wa mradi hakunifokea, ambalo lilikuwa baya zaidi. Alinieleza kwamba ile mistari mitatu ni yangu tangu dakika niliyoiandika, niweke jina nisiweke. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hautaki tangazo wala usajili, na Tanzania imo tangu 1994. Ila na mistari ya wenzangu ni ya wenzangu. Naweza kuongeza jina langu chini ya yao, siwezi kuwafuta. Akanitajia Linux, programu huria inayoendesha kompyuta: Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, leo ina wenye hakimiliki maelfu, na yeye mwenyewe hawezi kuamka asubuhi akaibadilishia leseni peke yake. Mwisho akanikumbusha kuna amri ya git, programu inayotunza historia ya msimbo, inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani. Amri yenyewe inaitwa "blame", yaani lawama. Niliijaribu kwenye nakala yangu. Lawama zote zangu.

Nilipomsimulia Mjomba, alielewa kuliko mimi. "Aa, kumbe ni kama nyumba ya Bibi kule Magomeni." Warithi kumi na mmoja, hata kubadilisha bati mpaka kikao, na kikao hakijawahi kutimia.

Nikaondoa ombi langu, nikaomba radhi, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kila kitu isipokuwa kompyuta ya dukani. Niliisahau kabisa.

Wiki tatu baadaye nimekaa dukani nachaji simu, akaingia mama mmoja na birika kwenye mfuko wa rambo. Akalitua juu ya kaunta, maji yakatiririka hadi kwenye chaja yangu. Akakunjua karatasi ya waranti. Chini kabisa, mahali ambapo programu ilikuwa inachapa mstari wake mdogo wa hakimiliki, akaweka kidole chenye hina.

"Huyu ndiye mwenye mali?"

Nikasoma. Majina yangu matatu, yote, pamoja na la babu.

"Mama, hilo ni la programu, siyo la bi..."

"Ni wewe au siyo wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nipe elfu thelathini na tano yangu."

Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka zamani.

"Mlipe, mpwa wangu," akasema. "Haki zote si umezihifadhi wewe?"