Diwani ni daftari kwanza

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza diwani wa kata na diwani ya mashairi vina undugu gani hata vikaitwa jina moja. Nilifurahi sana, maana ni neno ninalolipenda.

Tumelipata kwa Waarabu, nao walilichota kwa Waajemi. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin al-Khattab alianzisha diwani ya kuandikia majina ya askari na posho zao. Lilikuwa daftari, basi. Baadaye neno likahamia kwenye ofisi linamotunzwa daftari, kisha kwenye baraza la wakubwa wanaokaa humo, na ndiko anakotoka diwani wa kata. (Hata Wafaransa wanapoiita forodha douane, chimbuko ni hilohilo.) Washairi wa Kiarabu walibaki na daftari lenyewe: tungo za mtu zilizowekwa pamoja zisipotee. Waarabu husema ushairi ndio diwani yao, kwa kuwa humo mna nasaba zao, vita vyao na misiba yao.

Ndiyo maana diwani nyingi mpya zinanisikitisha. Nakuta mashairi 80 au 100, hayana mwaka, hayana mji, wala hujui mshairi alikuwa akimjibu nani. Kwa ushairi wetu wa kujibizana, hiyo ni hasara kubwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, na tungo zake zikabaki vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua ndiye aliyemsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya pamoja na visa vyake, hata diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Leo tukisoma beti zake za ugomvi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, tunamwelewa kwa sababu kuna waliojali kuuliza na kuandika.

Mimi ninazo beti 12 za marehemu bibi yangu. Nilizinakili nikiwa kijana, akizighani jikoni, nikaandika kila neno. Sikumwuliza alimtungia nani. Mojawapo inamlaumu mtu aliyeondoka na jahazi bila kuaga, na kila nikiisoma natamani kumjua.

Washairi wenzangu, nawaomba mstari mmoja tu chini ya kila shairi: lini, wapi, kwa ajili ya nini. Nanyi wachapishaji, msiufute mstari huo ili kuokoa karatasi.