Farasi wa balbu 20,000

Juni 1910, juu ya paa la Hoteli ya Normandie kwenye barabara ya Broadway, New York, farasi wa taa za umeme walianza kukimbia kila usiku. Yalikuwa mashindano ya magari ya Kirumi, yale ya kukokotwa na farasi. Mbio zikienda nusu dakika, giza likiingia, kisha zikianza upya. Huko chini watu walisongamana wakiwa wameinua shingo. Lilikuwa tangazo la biashara, sikatai. Lakini kwangu mimi ni kazi kubwa ya sanaa, na inaniuma kwamba historia ya uhuishaji, yaani sanaa ya kuzipa picha mwendo, ikisimuliwa tunaambiwa habari za kamera na sinema, mafundi umeme hawatajwi.

Mwanzo wa sanaa hii ya taa ulikuwa wa mikono mitupu. Mwaka 1892, ukuta wa hoteli moja karibu na Madison Square ulifungwa balbu zaidi ya 1,400, zikiwahimiza watu wanunue nyumba Long Island, kunakovuma upepo wa bahari. Maneno yaliwaka mstari mmoja baada ya mwingine. Juu ya paa palikuwa na kibanda, na ndani yake mtu aliyekaa na swichi zake: anawasha huu, anasubiri, anawasha unaofuata, mpaka ukuta mzima unawaka, kisha anazima na kuanza tena. Mtu huyo hanitoki akilini. Wapita njia waliona ukuta unasema nao, kumbe ni vidole vyake.

Baadaye kazi yake ikachukuliwa na mota. Mota ilizungusha pipa lililobandikwa vipande vya chuma, na juu ya pipa vikaegemea vidole vya shaba, kila kimoja na waya wake. Kidole kikikanyaga kipande, umeme unapita na taa zinawaka. Kikifika kwenye pengo, zinazima. Kipande kirefu, mwanga mrefu. Kifupi, mwanga wa kupepesa jicho. Mwenye kuwahi kumtazama mama akisuka ukili wa rangi ataelewa upesi: ua la mkeka linatokea kwa sababu msukaji anajua ni wapi ukindu mwekundu uonekane na ni wapi ujifiche. Pipa lile lilisukwa hivyohivyo, kwa kuwaka na kuzima.

Sasa rudi kwa wale farasi. Kampuni ya Elwood Rice, mtu wa Dayton, Ohio, ilitumia balbu zipatazo 20,000 kwenye kiunzi chenye kimo cha futi 72. Mguu wa farasi mmoja ulichorwa kwa balbu mara kadhaa: hapa umekunjwa, hapa umenyooka, hapa unagusa ardhi. Safu moja ikiwaka, nyingine zote gizani. Magurudumu yakazunguka kwa ujanja uleule, na vumbi likatimka nyuma yake. Hakuna kilichosogea hata inchi moja. Balbu zote zilikuwa zimekazwa palepale, na mbio zikatokea machoni mwa watazamaji.

Balbu za wakati ule nazo zilisaidia. Uzi wa ndani haupoi papo hapo. Umeme ukikatika, unabaki na wekundu kidogo kabla ya kufa. Kwa hiyo hatua moja ya farasi ilififia huku inayofuata ikishika, na mwendo ukalainika. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha utafiti wake maarufu kuhusu jicho kuona mwendo usiokuwepo. Miaka miwili kabla yake, mafundi walikuwa wanaunyoosha mwendo huo juu ya paa, waya kwa waya.

Kufika Novemba 1928, herufi zenyewe zilikuwa zinatembea: habari za uchaguzi wa Marekani zilizunguka jengo la Times Square kwa balbu 14,800. Ustadi mkubwa, ila mimi moyo wangu umebaki kwa farasi.

Wapo waliolalamika tangu zamani kwamba matangazo ya taa yanaharibu sura ya mji, na hoja yao ina uzito. Si kila usiku unapaswa kuuzwa. Ila hilo halifuti kazi ya mkono. Skrini kubwa za leo zinaonyesha chochote, na kila nukta yake inaweza kuwa chochote. Balbu ya Normandie ilikuwa na kazi moja maishani, labda kuwa ukwato wa farasi mmoja katika hatua moja ya mbio, na kuna fundi aliyekaa akaamua hivyo.

Ningekuwa nafundisha uhuishaji, kamera ingesubiri. Siku ya kwanza ningewapa wanafunzi balbu kumi na mbili, ubao na swichi nne, niwaambie: tembezeni mguu wa farasi.